Wilt Chamberlain: jitu la basketi lililoshindwa na mtupo huru

KINSEVERE – Katika basketi kuna mpira mmoja tu ambao mchezaji anaurusha bila mtu kumzuia. Anasimama nyuma ya mstari, ubao uko mita 4.60 mbele yake, kikapu kiko juu mita 3.05, na uwanja mzima unamtazama yeye peke yake. Ni mtupo huru, ule ambao vijana wa Lubumbashi na wa huku kwenye migodi ya shaba wanauita kwa Kifaransa lancer franc. Watu wanaweza kufikiri kwamba mwenye nguvu na mrefu kupita wengine ndiye anayeufunga vizuri zaidi. Maisha ya Mmarekani Wilt Chamberlain yanaonyesha kinyume.

Chamberlain alizaliwa Philadelphia tarehe 21 Agosti 1936. Alikua hadi mita 2.16, na pamoja na urefu huo alikuwa mwepesi: alikimbia, akaruka juu katika riadha. Inasimuliwa kwamba alipokuwa kijana hakuhitaji kutupa mtupo huru. Alirudi nyuma, akakimbia, akaruka kutoka kwenye mstari na kuutia mpira kikapuni kwa mkono, hadi waandaaji wa michezo ya vyuo wakaweka kanuni ya kumkataza mtupaji kuvuka mstari. Tangu hapo ilimbidi asimame kama watu wengine. Na hapo ndipo taabu yake ilipoanza.

Alisoma Chuo Kikuu cha Kansas na kupoteza fainali ya mwaka 1957 kwa pointi moja, 54-53, baada ya kuongezwa muda mara tatu. Akacheza mwaka mmoja na Harlem Globetrotters, kisha mwaka 1959 akaingia NBA na Warriors wa Philadelphia. Msimu wake wa kwanza alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi nzima. Lakini kwenye mstari alifunga mitupo 58 kwa kila 100, na msimu wa pili ikashuka hadi 50.

Msimu wa 1961-62 alibadilisha mtindo. Alishika mpira kwa mikono miwili chini ya kiuno, akakunja magoti, akaurusha kutoka chini kwenda juu. Wamarekani waliucheka mtindo huo kwa kuuita mtupo wa mama mzee. Cheko au si cheko, hesabu ilipanda hadi 61 kwa 100, ambayo ndiyo bora ya maisha yake yote.

Tarehe 2 Machi 1962, katika mji mdogo wa Hershey, mbele ya watazamaji 4,124 na bila kamera ya televisheni, Chamberlain aliwafunga New York Knicks pointi 100. Hadi leo hakuna aliyefikia hapo katika NBA. Kila mtu anakumbuka ile 100. Wachache wanakumbuka kwamba siku hiyo alipata mitupo huru 32 na akafunga 28. Tupige hesabu kidogo: mikapu yake 36 ya kawaida ilimpa pointi 72. Kama angetupa kwa kiwango cha mwaka uliotangulia, nusu kwa nusu, angeishia 88. Mtupo wa mama mzee ndio uliomfikisha kwenye 100.

Halafu akauacha.

Sababu aliieleza mwenyewe miaka mingi baadaye, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1991. Hakuumia, wala kocha hakumkataza. Aliona haya. Alijiona kama mtu asiye mwanaume kamili akitupa namna ile, na akakiri kwamba alijua anakosea. Rick Barry, mwingine wa zama zile, hakujali kicheko. Alitupa kutoka chini hadi mwisho na akastaafu akiwa na karibu 90 kwa 100.

Mtindo wenyewe hauna uchawi. Mikono miwili inafanya kazi sawa, kwa hiyo mpira haupotei sana kushoto au kulia. Unapanda juu na kushuka taratibu ukizunguka kuelekea nyuma, na ukigusa chuma unatulia badala ya kuruka. Kikapu kina upana wa sentimita 45, mpira kama 24. Mpira unaoshuka kutoka juu unakuta nafasi yote. Unaokuja chini-chini unakuta nafasi ndogo.

Bila mtindo huo, Chamberlain alianguka hadi 38 kwa 100 msimu wa 1967-68. Wapinzani wakamfanyia makosa makusudi, wakimfuata hata pale ambapo hana mpira, hadi ligi ikabadilisha kanuni za dakika za mwisho. Bei kubwa zaidi aliilipa tarehe 5 Mei 1969, mechi ya saba ya fainali, Lakers dhidi ya Boston. Alitupa mitupo huru 13 na kufunga 4. Lakers walipoteza 108-106. Watu walibishana miaka mingi juu ya kocha, ambaye hakumrudisha uwanjani baada ya kutoka na maumivu ya goti. Mimi naona hiyo mitupo tisa ndiyo inayouma zaidi.

Alishinda ubingwa mwaka 1967 na tena 1972, akastaafu 1973 na pointi 31,419. Katika NBA alipata mitupo huru 11,862 na kukosa 5,805. Alifariki nyumbani kwake Los Angeles tarehe 12 Oktoba 1999, akiwa na miaka 63.

Wakongomani wanaujua mstari huo. Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi aliyeingia NBA mwaka 2011, naye amefunga zaidi kidogo tu ya nusu ya mitupo yake. Marehemu Dikembe Mutombo alifika 68 kwa 100, na ndiye ambaye Michael Jordan alimfanyia mzaha Denver mwaka 1991, akifumba macho na kufunga.

Kanuni za leo bado zinaruhusu kutupa kutoka chini. Zinadai tu miguu isivuke mstari na mpira utoke ndani ya sekunde tano. Kwa kijana wa Kinsevere anayetaka kujaribu, kwa mtindo wowote, njia ni moja: dundisha mpira idadi ileile kila mara, vuta pumzi ileile, tupa miwili-miwili baada ya kukimbia, siyo 50 mfululizo ukiwa umepumzika, na andika ngapi zimeingia. Wenzake watacheka wiki ya kwanza. Daftari litaonyesha kama wana haki ya kuendelea kucheka wiki ya nne.