Buster Keaton: Mchekeshaji Asiyecheka

Leo tunakujulisha mtu aliyewavunja watu mbavu bila yeye mwenyewe kutabasamu.

Buster Keaton alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1895 katika mji mdogo wa Piqua, jimbo la Kansas, Marekani. Wazazi wake, Joe na Myra, walikuwa wasanii wa jukwaani waliozunguka mji hadi mji. Tangu utotoni aliigiza pamoja nao: baba akimrusha huku na huko, naye akijua namna ya kuanguka. Huko akagundua siri yake. Akicheka yeye, watazamaji hucheka kidogo. Akikaza uso, ukumbi mzima huangua kicheko.

Mwaka 1917 aliingia kwenye filamu, enzi za filamu bubu. Vitendo vya hatari alivifanya mwenyewe. Katika Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928, utaona ukuta wa nyumba ukimwangukia. Anasalimika kwa kuwa amesimama penye uwazi wa dirisha. Ukuta ule ulikuwa mzito kwelikweli. Angesogea kidogo tu, ungemuua.

Mwaka 1926 alitengeneza The General pamoja na mwongozaji mwenzake, Clyde Bruckman. Keaton ni dereva wa treni anayelifukuzia garimoshi lake lililoibwa vitani. Marion Mack ni mchumba wake. Huko Oregon waliliangusha garimoshi halisi mtoni, pamoja na daraja linaloungua. Chuma chake kilibaki mtoni hadi Vita Kuu ya Pili. Fedha nyingi zilitumika, lakini filamu haikufanya vizuri sokoni, na wahakiki wengi waliiponda.

Baada ya hapo uhuru wake ulipungua. Mwaka 1928 alisaini mkataba na studio ya MGM, ambako wakubwa ndio walioamua. Akazama katika ulevi, ndoa ikavunjika, na mwaka 1933 akafukuzwa kazi.

Hata hivyo hakuacha sanaa. Watu walianza kuzitazama upya filamu zake, na mwaka 1960 akapewa Oscar ya heshima. Alifariki tarehe 1 Februari 1966. Mwaka 1989, The General iliyodharauliwa ilikuwa miongoni mwa filamu 25 za kwanza kuchaguliwa Marekani zihifadhiwe kama urithi wa taifa.

Sasa zamu yako. Itazame na bibi au babu. Maandishi yake ni machache. Kisha wasimulie kwa Kiswahili: nani alifanya nini, na ni wapi mlipocheka?