Siku Moja ya Theluji, Miaka 29 ya Rabai



Mwinjilisti mmoja kijana aliyepangiwa huku kwetu Kigombe aliniambia juzi kwamba anataka kuomba uhamisho. Ana mwaka mmoja sasa, na Jumapili ikiwa nzuri anapata watu saba, wawili wao vibarua wa mkonge ambao msimu ukiisha wataondoka. Sikuwa na ushauri wa kumpa. Nikamsimulia habari za Johannes Rebmann.

Wengi wetu tunalijua jina hilo kwa ajili ya mlima. Tarehe 11 Mei 1848, akiwa na kiongozi wa msafara Bwana Kheri, wapagazi wachache na mwavuli wake, aliiona theluji ya Kilimanjaro na kuandika habari zake. Wasomi wa Ulaya ambao hawajawahi kukanyaga huku walimbishia kwa miaka. Basi, hiyo ilikuwa siku moja. Nyingine karibu zote alizimalizia Rabai, kwenye vilima vya nyuma ya Mombasa, kwa watu ambao lugha yao Mdigo wa Kigombe akiisikia hapotei sana.

Alizaliwa Gerlingen, Ujerumani, mwaka 1820, mtoto wa mkulima. Shirika la CMS la Waanglikana lilimtuma kumsaidia Johann Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili nyuma alikuwa amemzika mkewe na kichanga chake hapo Mombasa. Rebmann alifika Juni 1846, akiwa na miaka 26. Homa haikumpa nafasi ya kuzoea. Agosti walipohamia Rabai wote wawili walikuwa wagonjwa, na punda alikuwa mmoja.

Kazi yenyewe haikufanana na ile tunayoiwazia tunaposikia neno mmisionari. Walijenga nyumba ya udongo na makuti, wao wenyewe wakishika kazi. Walitembea shamba kwa shamba kuwatafuta watu, kwa kuwa watu hawakuja. Waliokuja waliuliza watapewa nini. Rebmann alikaa na wazee akiuliza jina la kila kitu na kuliandika, na kutoka katika maswali hayo likaanza kamusi la Kinyika. Baadaye alimpata Salimini, mtu wa Nyasa aliyekuwa ameuzwa utumwani, akaandika kutoka kinywani mwake kamusi la lugha ya nchi ambayo yeye Rebmann hakufika kamwe. Mimi hapo huwa nasimama kidogo.

Na matunda? Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mlemavu wa viungo, mwaka 1851, akiwa kitandani anakufa. Safari ya tatu ya Uchagani, mwaka 1849, mtawala wa Machame, Mamkinga, alimmalizia mali yote kwa kuomba zawadi, akarudi mikono mitupu na mgonjwa. Mwaka 1851 alimwoa Emma Tyler huko Misri. Mtoto wao wa kiume aliishi siku chache tu. Krapf alirudi kwao kwa sababu ya afya. Mwaka 1857 Wamasai walivamia Rabai, akalazimika kukimbilia pwani, kisha akarudi tena. Emma alifariki mwaka 1866.

Nyumbani Ujerumani hakwenda hata mara moja. Kuna waliomlaumu kwamba amekaa bure, na wageni waliomtembelea miaka ya mwisho walikuta kundi dogo la waumini na mzee ambaye macho yamekufa, bado anashughulika na maneno yake.

Mwaka 1875 alikubali kuondoka. Miaka 29. Kwa kuwa haoni, alihitaji mtu wa kumshika mkono hadi Ulaya, na aliyekwenda naye ni Isaac Nyondo, kijana wa Rabai. Rebmann alifariki Korntal tarehe 4 Oktoba 1876, mwaka uleule ambao Injili ya Luka aliyoitafsiri kwa Kiswahili ilichapwa.

Nyondo huyo alikuwa mtoto wa Abe Gunja, mmoja wa wale wachache.