Francis Stanley: Mtia rangi aliyetangulia motokaa

Wanaomjua Francis Edgar Stanley wanamjua kwa motokaa. Yeye na pacha wake, Freelan, ndio waliounda zile gari za mvuke zilizovuma Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa sifa hiyo majina yao yakaingia vitabuni. Lakini miaka 20 kabla ya gari ya kwanza, Francis alikuwa mchoraji wa sura za watu na mpiga picha, na haja yake ilikuwa ndogo: apate njia ya kutia rangi juu ya picha pasionekane mapito ya brashi. Kwa haja hiyo alibuni chombo ambacho ndicho babu wa brashi ya upepo, hii wanayopambia matatu vijana wetu, na wanayoitumia wengine wengi kwa kujifurahisha tu nyumbani.

Pacha hao walizaliwa tarehe 1 Juni 1849 huko Kingfield, mji mdogo katika jimbo la Maine. Walifanana kama shilingi kwa ya pili, na hata ukubwani walifuga ndevu namna moja. Watoto hao walikuwa na mikono isiyotulia. Walichonga fidla wakiwa bado wadogo, na zikalia kama fidla. Dada yao, Chansonetta, naye baadaye akawa mpiga picha mwenye jina. Francis alisomesha skuli kwa muda, kisha akaiacha chaki ya ubao akashika chaki ya kuchorea sura, akafungua studio katika mji wa Lewiston.

Picha za zama hizo hazikuwa na rangi. Mteja aliyetaka shavu la mwanawe liwe na wekundu ilibidi atiliwe kwa mkono, na hapo ndipo penye taabu. Brashi ya nywele, hata ikishikwa na fundi gani, huacha mstari. Na shavu la mtu halina mstari. Rangi yake huanza bila ya kujulikana ilipoanzia na huisha vivyo hivyo. Mwezi wa Septemba mwaka wa 1876 Stanley alipewa hataza ya serikali kwa chombo cha kupulizia, chenye kuitawanya rangi ikawa kama umande.

Siri ya vyombo vya namna hiyo si ngeni kwa aliyelelewa pwani. Mrashi wa harusini humwaga matone kwa kutikiswa, lakini chupa ya manukato ya kufinya hufanya kazi nyingine: upepo hupita mbio juu ya mdomo wa kijiriri, na kwa kupita kwake maji yaliyo chini hupanda yenyewe, yakakutana na upepo huo yakavunjika vipande visivyoonekana. Stanley alikitia kisa hicho katika uchoraji. Mkono wa mchoraji ukawa haugusi tena karatasi.

Wengine waliipokea kazi na kuiendeleza. Mwaka wa 1879 Abner Peeler wa jimbo la Iowa aliunda chombo chake kwa ajili ya wachoraji. Liberty Walkup wa Illinois akakitengeneza na kukiuza. Na mwaka wa 1893, katika maonyesho makubwa ya Chicago, ikaonyeshwa brashi ya Charles Burdick, ambayo ndiyo inayofanana hasa na zilizomo madukani leo. Humo sindano nyembamba hupita katikati ya mwili wa brashi, na rangi huchanganyika na upepo ndani ya pua yake.

Hapa naomba ruhusa ya kumwacha Bwana Stanley kidogo, kwa kuwa yuko msomaji anayetaka kununua chombo hiki na hajui ashike kipi. Brashi ziko za aina mbili. Ya kwanza, kitufe chake ukikibonyeza hutoka upepo na rangi pamoja, kwa kiasi ulichokwisha kukipima kwa skurubu. Ya pili, ukibonyeza hutoka upepo, na ukivuta nyuma ndipo rangi ifuate, nyingi au chache kwa kadiri ya kidole. Wengi humshauri mwanafunzi aanze na ile ya kwanza kwa kuwa ni nyepesi. Mimi sikubaliani nao. Kidole kilichozoea jambo moja huwa kizito kujifunza mawili, na tofauti ya bei si kubwa ya kukufanya ununue mara mbili. Chukua ile ya pili, yenye kikombe cha rangi juu, kwani rangi hushuka kwa uzito wake na upepo mdogo huitosha. Tundu la pua liwe la milimita 0.3; la 0.2 huzibwa na rangi kwa haraka, nalo humvunja moyo anayeanza.

Lakini kosa kubwa silo hilo. Watu humaliza fedha zote katika brashi nzuri, kisha wakaazima kompresa ya kujazia matairi. Nimewahi kukaa karibu na kijana wa namna hiyo. Akianza kazi yake baada ya Isha, mtaa mzima u macho; na upepo wenyewe ulikuwa ukija kwa kushtuka, mara mwingi mara mchache, rangi inatapika madoa. Brashi hutaka upepo mchache, ratili 15 hadi 25 kwa inchi mraba, lakini uwe ule ule tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hivyo tafuta kompresa ndogo ya pistoni isiyotaka mafuta, yenye tangi lake hata likiwa la lita tatu tu, kwani tangi likijaa mota huzima yenyewe na ukafanya kazi katika kimya. Sauti yake isizidi desibeli 60, ambayo ni sauti ya watu wawili wanaozungumza barazani. Iwe na geji na kirekebishi cha upepo, na juu ya yote iwe na kichujio cha maji. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Ikibanwa hutoa maji, na tone moja likifika puani huharibu kazi ya siku nzima. Lifungue tangi kila umalizapo, lipumue na kumwaga maji yake. Dirisha liwe wazi, na mdomo na pua vifunikwe, maana rangi iliyo kama umande huvutwa pamoja na pumzi. Kuhusu cha kuchora, ubishi wa sura za viumbe siuingii hapa. Ila nimeona khati za Kiarabu zilizotiwa kivuli kwa chombo hiki, na macho yangu hayakutaka kuondoka.

Turudi kwa Stanley. Hakukaa na chombo chake. Pamoja na Freelan aliingia katika kutengeneza vioo vya kupigia picha, wakabuni mashine ya kuvipaka dawa kwa usawa, kazi ambayo nayo, ukiitazama, ni ile ile ya kueneza kitu chembamba pasiwe na mstari. Wakatajirika. Mwaka wa 1904 kampuni ya Eastman Kodak iliinunua biashara hiyo.

Gari yao ya kwanza ilikwenda mwaka wa 1897. Mwaka wa 1899 waliuza haki zake kwa dola 250,000, na mwaka huo huo Freelan na mkewe wakaipandisha gari ya mvuke hadi kilele cha Mlima Washington, wenye urefu wa mita 1,900 na kitu. Baadaye walirudi kuunda gari kwa jina lao wenyewe. Birika zake zilizungushiwa waya wa piano ili zistahimili kani ya mvuke, na sifa yake kubwa ilikuwa utulivu: wakati motokaa za petroli zilitishia farasi kwa mngurumo, ya Stanley ilipita kwa mnong'ono. Kasoro yake ni kuwa asubuhi ilibidi kuingojea maji yapate moto. Mwaka wa 1906, katika fukwe za Florida, Fred Marriott aliendesha gari yao kwa kasi ya kilomita 205 kwa saa, ambayo hakuna motokaa iliyokuwa imeifikia.

Tarehe 31 Julai 1918 Francis alikuwa akiendesha huko Wenham, Massachusetts. Alipofika upande wa pili wa kilima alikuta mikokoteni miwili imeziba njia, inakwenda sambamba. Akaigeuza gari ili asiwagonge wenye mikokoteni, ikapinduka, naye akafa. Alikuwa na umri wa miaka 69. Kampuni ilifungwa mwaka wa 1924. Freelan aliishi hadi mwaka wa 1940, na katika uzee wake, pamoja na mtoto wa ndugu yake, alirudia kuchonga fidla.