Mzee Traugott Bachmann wa Mbozi: Babu wa Nyimbo za Nyanda za Juu

Usharika unapotimiza miaka 100 huwa ni desturi kuwakumbuka wachungaji walioutumikia, wazee waliochimba msingi na akina mama waliobeba maji ya kujengea. Ni haki kuwakumbuka pia waliotangulia katika uimbaji, kwa maana kutoka Iringa hadi Mbeya ni vigumu kuipata ibada ya Jumapili isiyo na kwaya. Mmoja wao ni Traugott Bachmann, mmisionari wa Kanisa la Moravian kule Mbozi. Hakutumwa na Misioni ya Berlin iliyoleta Ulutheri Kusini, lakini jambo alilolifanya limewafaa Walutheri sawasawa na Wamoravian. Kwa desturi za Kiafrika, babu ni jina la heshima kwa kila mzee aliyeacha neno ambalo wajukuu wanaendelea kulitumia. Kwa maana hiyo Bachmann anastahili kuitwa babu.

Kanisa la Waimbaji

Bachmann alizaliwa Ujerumani mwaka 1865. Kanisa lililomtuma lilikuwa na makao yake Herrnhut, nalo lilijulikana kwa nyimbo kuliko kwa mafundisho ya vitabuni. Mababa zake wa imani, Ndugu wa Bohemia, walichapa kitabu cha nyimbo za kusanyiko mwaka 1501, miaka 16 kabla Martin Luther hajatangaza hoja zake 95. Tangu mwaka 1732 Wamoravian wamekuwa na desturi ya kukusanyika makaburini alfajiri ya Pasaka, wakiimba ufufuo mbele ya makaburi ya wapendwa wao, na tarumbeta zikiwaongoza. Aliyelelewa katika desturi kama hiyo huzibeba nyimbo zake popote aendako.

Mwaka 1891 misioni mbili zilifika kaskazini ya Ziwa Nyasa. Wamoravian, wakiongozwa na Theodor Meyer, walianza Rungwe. Watu wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walianza Manow. Walipatana kugawana nchi: Wamoravian waelekee magharibi na Walutheri waelekee mashariki, njia iliyowafikisha baadaye Kidugala na Iringa. Bachmann aliwasili mwaka 1892, akatumika kwanza miongoni mwa Wanyakyusa. Mwaka 1899 yeye na mkewe Elisabeth walifungua kituo cha Mbozi katika nchi ya Wanyiha, ambayo siku hizi imo katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016.

Nyimbo Zilizopigana na Lugha

Katika vituo vyote vya wakati ule kazi ya uimbaji ilianza kwa namna moja. Mmisionari alichukua wimbo wa Kijerumani, akatafsiri maneno na kuiacha sauti ilivyokuwa. Nia ilikuwa njema, lakini shida ilionekana mapema. Lugha za Kibantu, kwa sehemu kubwa, huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali mistari mingi ya Kijerumani hutua kwa nguvu katika silabi ya mwisho. Kwa hiyo jina takatifu la Mungu, ambalo mkazo wake u mwanzoni, huweza kuimbwa kana kwamba mkazo u mwishoni. Mwimbaji hulitamka kwa namna ambayo asingelitamka kamwe akizungumza na mama yake. Tena nyimbo hizo zilihitaji kitabu na mtu ajuaye kusoma, wakati wengi walikuwa hawajajifunza herufi.

Wanyiha, kama jirani zao, walikuwa na namna yao ya kuimba. Kiongozi hutoa neno, kundi huitikia. Asiyejua kusoma hujifunza kwa kuitikia, na baada ya mara mbili tatu wimbo ni wake. Bachmann aliifungulia namna hiyo mlango wa kanisa, akawaruhusu Wakristo wa Mbozi waimbe Injili kwa sauti zao wenyewe.

Katika siku zile hilo halikuwa jambo dogo. Wamisionari wengi waliogopa kwamba sauti za ngoma zingeurudisha moyo wa mwongofu kwenye mambo aliyoyaacha. Hofu hiyo haikuwa ya kuchekwa, kwa sababu wimbo hukumbusha mahali ulipoimbwa. Lakini Bachmann alifikia kusadiki kwamba Mnyiha anaweza kuwa Mkristo kamili akiendelea kuwa Mnyiha. Kwa imani hiyo aliwashirikisha wazee wa kusanyiko katika maamuzi, akaligusa hata suala zito la ubatizo wa waume wenye wake wengi, akachapa mawazo yake huko Herrnhut mwaka 1912. Mwaka 1913 Agano Jipya alilolitafsiri kwa Kinyiha lilitolewa. Wenzake hawakukubaliana naye katika kila jambo. Kumbukumbu za maisha yake, zilizochapwa baada ya kifo chake, zimepewa jina lenye neno la Kijerumani Anstoß, ambalo lina maana mbili: kikwazo, na msukumo wa kuanzisha jambo. Maana zote mbili zinamfaa.

Siku ya Kujaribiwa

Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yaliingia kutoka Nyasaland. Wamisionari wa Kijerumani, Wamoravian na Walutheri pia, waliondolewa na kuwekwa kizuizini. Utumishi wa Bachmann Mbozi ulikoma. Kwa karibu miaka kumi makusanyiko ya Kusini yalishikwa na walimu na wazee Waafrika, wakisaidiwa na Waskoti wachache wa misioni ya Livingstonia, hadi Wajerumani waliporudi kuanzia mwaka 1925. Katika miaka hiyo wimbo uliokuwa kinywani mwa watu haukuhitaji mmisionari wa kuuongoza wala kinanda cha kuushika.

Bachmann aliaga dunia mwaka 1948. Njia aliyoifungua ilipanuliwa na wengine. Miaka ya 1930 Franz Ferdinand Rietzsch, Mmoravian na mwanamuziki, alizichunguza sauti za Kusini kwa makini. Mwaka 1968 Mchungaji Howard Olson, mwalimu wa Chuo cha Makumira, alitoa kitabu cha Tumshangilie Mungu chenye nyimbo za sauti za Kiafrika.

Urithi na Deni

Siku hizi kwaya za Iringa na Mbeya zina vinanda vya umeme na vipaza sauti, na hakuna ubaya katika hayo. Lakini wako bado bibi na babu wanaojua nyimbo ambazo hazimo katika kitabu chochote, za Kihehe, Kibena, Kinyakyusa na Kinyiha. Kila azikwapo mmoja wao, nyimbo kadhaa huzikwa pamoja naye. Usharika unaoingia karne ya pili utamheshimu vema babu huyu ukiwatuma vijana wa kwaya, wakiwa na kalamu na kinasa sauti, waketi miguuni pa wazee hao na kuitikia.