Christer Strömholm, mupiga picha aliyekuwa rafiki wa watu wa usiku wa Place Blanche

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Muswidi mumoja wa miaka 40 hivi alipanga chumba katika hoteli ya bei ndogo karibu na Place Blanche, mtaa wa Paris wenye kujulikana juu ya kabare ya Moulin Rouge. Pale walikaa pia watu waliozaliwa na mwili wa kiume lakini waliojijua kuwa wanawake, wale wanaoitwa leo transjenda. Muswidi huyo, Christer Strömholm, alikuwa na kamera. Lakini mbele ya yote alikuwa jirani yao.

Alizaliwa Stockholm tarehe 22 Julai 1918. Baba yake, afisa wa jeshi, alijiua wakati Christer alikuwa angali kijana. Alianza kwa kusomea uchoraji, kisha akageukia picha. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliingia katika Fotoform, kundi la wapiga picha lililoongozwa na Mujerumani Otto Steinert. Kundi hilo lilipenda kucheza na mwanga, kivuli na maumbo ya vitu. Strömholm yeye alitaka watu.

Huko Place Blanche, maisha yalikuwa magumu. Ufaransa ya Charles de Gaulle haikuwakubali. Mutu aliyeandikwa mwanaume kwenye kitambulisho akitembea na nguo za kike, polisi iliweza kumukamata. Kazi ya kawaida ilikuwa ngumu kupata. Kwa hiyo wamoja walicheza katika kabare, wengine waliuza mwili barabarani. Wengi waliweka franga pembeni kidogo kidogo, wakiota safari ya Casablanca, huko Moroko, ambako daktari Mufaransa Georges Burou alikuwa anafanya operesheni ya kubadilisha mwili.

Strömholm alifuata saa zao: muchana kulala, usiku kutoka. Alipiga picha nyeusi na nyeupe bila flashi, akitumia tu mwanga wa taa za barabara na za baa. Katika picha hizo wanawake wanajipaka poda mbele ya kioo, wanakaa kwenye meza ya kafe, wanasimama barabarani. Mara nyingi wanamutazama aliyeshika kamera machoni, bila woga, kwa sababu wanamujua. Kwake, kazi hiyo ilihusu uhuru wa mutu kuchagua maisha yake mwenyewe.

Kazi hiyo ilidumu mpaka mwaka wa 1968. Katika miaka hiyo pia aliongoza huko Stockholm shule ya kupiga picha, Fotoskolan, ambamo wanafunzi karibu 1.200 walipita mpaka 1974. Mumoja wao ni Anders Petersen, aliyejulikana kisha juu ya picha za baa moja ya Hamburg.

Kitabu juu ya marafiki wa Place Blanche kilitoka Uswidi mwaka wa 1983 tu. Heshima kubwa ilikuja akiwa muzee: mwaka wa 1997 alipewa tuzo ya Hasselblad. Alikufa tarehe 11 Januari 2002. Miaka kumi kisha, picha za Place Blanche zilionyeshwa New York.

Chini ya picha hizo, wanawake wale wanaitwa kwa majina waliyojichagulia, yale ambayo vitambulisho vya serikali vilikataa kuandika.