Stephen Gray: Mtia rangi vitambaa aliyeonyesha njia ya stima

Ukipita Uganda Road hapa Eldoret, hebu inua macho utazame nguzo ya stima. Nguzo ni ya mti, lakini waya haugusi mti. Umeshikiliwa na kikombe kidogo cha kauri au kioo. Umewahi kujiuliza kwa nini?

Jibu lilianza na mzee fukara wa Uingereza, Stephen Gray.

Alizaliwa Canterbury mwaka 1666 katika familia ya watia rangi vitambaa, kazi ambayo vijana wanaoijua Rivatex hawahitaji kuelezwa. Naye akairithi. Hakusomea chuo kikuu. Sayansi aliifanya baada ya kazi, akitazama nyota kwa darubini. Nguvu zilipomwishia na mfuko kubaki mtupu, mwaka 1719 alipata nafasi Charterhouse, makao ya wazee maskini jijini London.

Wengine wangekaa tu wakiota jua. Yeye alikuwa na bomba lake la kioo. Wakati huo ilijulikana kwamba kioo kikisuguliwa huvuta vitu vyepesi, kama kitana cha plastiki kinavyovuta vipande vya karatasi baada ya kuchana nywele. Mwaka 1729, akiwa amepita miaka 60, aliona unyoya ukivutwa na kizibo cha bomba. Kizibo hakikuwa kimesuguliwa! Kumbe umeme huhama.

Basi akaanza kujaribu kila kilichokuwa karibu: vijiti, kamba, mawe, matofali, birika ya chai, hata mboga.

Julai mwaka huo, nyumbani kwa rafiki yake Granville Wheler huko Kent, walitandaza kamba ndefu ya katani na kuining'iniza kwa nyuzi za hariri. Umeme ukafika mwisho wa kamba. Walipoirefusha, hariri ikakatika. Wakaweka waya mwembamba wa shaba, wakidhani siri ni wembamba. Wapi! Umeme wote ulipotelea kwenye waya.

Kufeli huko ndiko kulikowafungua macho. Wembamba haukuwa na maana. Muhimu ni kitu kimetengenezwa kwa nini. Hariri huzuia umeme, shaba huupitisha, na katani hupitisha kwa sababu hunyonya unyevu. Waliporudia hariri, umeme ulisafiri zaidi ya futi 700.

Aprili 1730 Gray alimning'iniza mvulana hewani kwa kamba, akasogeza bomba lililosuguliwa karibu na miguu yake. Vipande vyepesi vya shaba vikarukia uso wake. Mwili wa binadamu nao hupitisha umeme. Ndiyo maana waya ulioanguka huua.

Royal Society ilimpa Gray nishani ya Copley mwaka 1731, wa kwanza kabisa kuipata, kisha tena 1732. Alifariki Februari 1736, bado maskini.

Wewe unaweza kuanza leo. Chukua betri ya tochi, balbu ndogo na vipande vya waya. Acha pengo, kisha uliunganishe kwa msumari, sarafu, kijiti kikavu, kitana, au ule weusi wa ndani ya penseli. Soketi ya ukutani usiiguse kabisa. Balbu ikikataa kuwaka, usikasirike. Andika ulichotumia, ujiulize kwa nini. Mzee Gray alijifunza zaidi siku umeme ulipogoma.