Oleg Losev: Aliona mwanga wa LED mapema, akafa kwa njaa

Ukiwasha taa ya sola usiku kule Mpepai, Mbinga, kuna jina usiloliona kwenye boksi lake: Oleg Losev.

Mrusi huyu, aliyezaliwa 1903, alianza kama tarishi tu kwenye maabara ya redio. Wakati huo digrii hakuwa nayo. Miaka ya 1920 aliona kipande cha kristali kikitoa mwanga umeme ukipita. Ni joto? Akadondoshea benzini, ikakauka polepole. Kumbe mwanga wenyewe ni wa baridi! Ndiyo maana LED inakula umeme kidogo.

Aliandika, akasajili hataza, wachache wakamsikiliza. Januari 1942, Wajerumani wakiwa wameuzingira mji wa Leningrad, jamaa akafa kwa njaa. Alikuwa na miaka 38.

LED nyekundu ilitengenezwa Marekani mwaka 1962. Nyeupe, hii ya majumbani, ikaja miaka ya 1990.